Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi wa Uhandisi na Wenzake

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uhandisi na mzazi mmoja. Ingawa kila mwandishi ana lake, zote zinagusa jambo moja, nalo ni namna mwanafunzi huyu anavyoishi na wenzake wakati masomo yenyewe yanamtaka akae na daftari usiku kucha. Nimezijibu kama mtu aliyeisoma fani hii, akaifanyia kazi, kisha akarudi kuifundisha. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

SWALI: Shikamoo, Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi. Sekondari nilikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula, na sikuwahi kuhitaji msaada wa mtu. Katika jaribio la kwanza la mekanika nimepata alama 31 kati ya 100. Ninasoma chumbani kwangu kila siku mpaka saa saba usiku, madokezo ya mhadhiri nimeyapitia mara tatu, na nikiyasoma naona nimeyaelewa, lakini nikikaa mbele ya swali sijui nianzie wapi. Wenzangu wana kikundi cha majadiliano maktabani. Sijajiunga, kwa sababu naona aibu kwenda nikiwa sijui kitu. Nimepanga nijiimarishe kwanza ndipo niwaendee. Je, nimekosea fani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea fani. Ulichokosea ni huo mpango wa kujiimarisha kwanza, na ninakuambia hivyo kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe niliushika kwa muhula mzima, na baadaye nikiwa mwalimu nikawaona wengine wakiushika mpaka wakaacha chuo. Mwanafunzi aliyezoea kuwa wa kwanza hajapata kujifunza namna ya kutojua mbele za watu. Sekondari haikumdai hilo. Chuo kinamdai, na fani yetu inamdai zaidi, kwa kuwa maswali yake hayajibiki kwa kukumbuka tu yaliyofundishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi wengi waliokuja chuoni hapo na sifa nzuri walikuwa wakianguka katika somo la kalkulasi la mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya China walikuwa wakifanya vizuri. Walimu walikuwa na dhana zao: kwamba vijana hao hawana ari, kwamba hawakuandaliwa vyema, kwamba familia zao hazijali elimu. Treisman akachukua wanafunzi 20 kutoka kila kundi, akawafuatilia kwa karibu katika maisha yao ya kila siku aone wanasoma vipi. Dhana zile hazikusimama. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii na nidhamu, lakini walisoma peke yao, na maisha ya masomo waliyatenga kabisa na maisha ya urafiki. Wenzao walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana na kuulizana maswali ya mitihani iliyopita, hata kila mmoja akawa anajua amesimama wapi ukimlinganisha na wengine. Treisman alipoanzisha warsha ambazo wanafunzi walishughulikia pamoja maswali magumu, tena magumu kuliko ya darasani, matokeo ya waliohudhuria yalipanda sana. Ninapenda kusisitiza hilo la ugumu: hawakupewa masomo ya kuwasaidia wanyonge, walipewa kazi nzito na watu wa kuifanya nao.

Nikuonyeshe kwa swali ambalo bila shaka umeshakutana nalo. Ngazi yenye urefu wa mita 5 imeegemezwa kwenye ukuta usio na msuguano. Mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, kwa hiyo ncha yake imefika kimo cha mita 4. Uzito wake ni nyutoni 200, na tunauchukulia kuwa uko katikati ya ngazi. Swali linataka kani ambayo ukuta unaisukumia ngazi. Mwanafunzi aliye peke yake anachora ngazi, anachora uzito ukielekea chini, anachora sakafu ikisukuma juu na ukuta ukisukuma kwa mlalo, kisha anaanza kuandika milinganyo. Mlinganyo wa mlalo unamwambia kwamba kani ya ukuta ni sifuri, maana katika mchoro wake hakuna kani nyingine ya mlalo ya kuikabili. Akichukua momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, kwenye mguu wa ngazi anapata nyutoni 75. Majibu mawili kwa kitu kimoja! Anafuta, anaanza upya, anafuta tena mpaka karatasi inatoboka, na ikifika saa saba usiku ameshaamini kwamba hana akili ya uhandisi.

Sasa mpe karatasi hiyohiyo mwenzako aliyeketi upande wa pili wa meza. Atauliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: “Mbona ngazi yako haitelezi?” Basi, limekwisha. Ulisahau msuguano wa sakafuni. Ukiuchora, nyutoni 75 zikielekea ukutani, milinganyo yote inapatana, na tangu siku hiyo hutachora tena ngazi bila kuutafuta msuguano wake. Mwenzako huyo hakukuzidi akili. Macho yake tu hayakuwa yameuzoea mchoro wako kama yalivyouzoea yako, ambayo yalikuwa yameutazama kwa saa tatu.

Kuhusu kuyapitia madokezo mara tatu, mambo unayoyaona kwako yameshapimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo baadhi ya wanafunzi walirudia kusoma makala, na wengine, baada ya kuisoma, wakajaribu kuandika walichokikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojijaribu wakawa mbele kwa mbali. Kusoma tena kunakupa hisia ya kuelewa, kwa sababu kila mstari unaouona umeshaonana nao. Mtihani hauji na mistari hiyo. Kwa hiyo yafunge madokezo, chukua karatasi tupu, ufanye swali ambalo hujaliona jibu lake, na ukikwama weka alama hapo ulipokwamia. Alama hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye kikundi.

Na kikundi chenyewe kina namna ya kukiendesha, maana nimeona vikundi vingi vilivyogeuka kuwa mahali pa kupiga soga, na vingine ambavyo kijana mmoja hodari huandika ubaoni wakati wanne wananakili. Watatu mpaka watano wanatosha. Kila mmoja awe amejaribu maswali peke yake kabla ya kuja, hata kama hakufika popote. Na anayejua asishike chaki. Achukue chaki yule ambaye swali limemshinda, aandike mwenyewe, na wengine wamuulize maswali badala ya kumpa majibu. Mtaona mnakwenda polepole. Vumilieni, kwa kuwa saa mbili za namna hiyo zinamfaa hata yule anayejua, ambaye kwa mara ya kwanza analazimika kueleza kwa nini alichukua momenti hapa na si pale.

Nenda kesho. Ichukue ile karatasi ya alama 31 uende nayo, wala usiifiche, kisha mwombe mhadhiri au msaidizi wake dakika kumi mtazame pamoja alama zilipotelea wapi. Mara nyingi nimekuta karatasi yenye alama kama hizo ina makosa mawili tu yaliyojirudia katika kila swali, na mwenyewe hajui kwa sababu hajapata kumwonyesha mtu.

SWALI: Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, uhandisi mitambo. Darasani tuko 58, wasichana 6. Kila tunapopewa kazi ya kikundi karakanani, wavulana hushika mashine na mimi hupewa daftari niandike vipimo, kwa maelezo kwamba nina mwandiko mzuri. Hawana ubaya, ni marafiki zangu na wananiheshimu. Lakini mafunzo kwa vitendo yanakaribia, na sijawahi kuiendesha mashine ya kukereza vyuma kwa mikono yangu. Niseme vipi bila kuvunja urafiki?

JIBU: Binti yangu, umeliona jambo hili mapema, na nafurahi kwamba hukulipuuza kwa sababu tu wanaokufanyia hivyo ni watu wema. Wema wao haukupi ujuzi wa mashine.

Edith Clarke alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi umeme katika chuo cha MIT, mwaka 1919. Pamoja na shahada hiyo hakupata kazi ya uhandisi. Kampuni ya General Electric ilimpa kazi ya kuwasimamia wanawake waliopiga hesabu ambazo wahandisi wanaume walizitumia. Hesabu alizifanya kwa ustadi mkubwa, akabuni na chombo cha kurahisisha hesabu za nyaya za kusafirishia umeme. Mwaka 1921 aliiacha kazi hiyo akaenda kufundisha Uturuki, na aliporudi mwaka uliofuata ndipo kampuni ileile ikamwajiri kwa cheo cha mhandisi. Baadaye akawa profesa wa uhandisi umeme katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Ninapoyasoma maisha yake najiuliza ni wangapi wa rika lake waliobaki na daftari, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Karakana ina elimu isiyoandikika. Kisu cha mashine ya kukereza kikifungwa juu kidogo ya kitovu cha kipande kinachozunguka, kinasugua badala ya kukata, na anayeshika gurudumu anatambua hilo kwa mkono na kwa sikio kabla hajaliona kwa jicho: chuma kinalia mlio mkali, na uso wake unatoka na mawimbi madogo yanayohisika kwa ukucha. Mwandishi wa vipimo aliyesimama hatua mbili nyuma ataandika kipenyo sahihi na asijue kamwe kwa nini kipande kilibidi kirudiwe. Ni elimu hiyo unayoikosa kila juma, na hakuna kitabu kitakachokulipa.

Namna ya kusema ni rahisi kuliko unavyodhani, ukichagua wakati wake. Usingoje mpaka mashine inazunguka na kila mtu ameshashika mahali pake, kwa sababu hapo ombi lako litasikika kama lawama. Sema siku mnayogawana kazi: “Muhula huu naomba tubadilishane zamu. Juma hili naanza mimi kwenye mashine, wewe uandike. Juma lijalo tunageuza.” Kisha andikeni zamu hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi, ili asiwepo wa kuzikumbuka kwa namna inayomfaa yeye. Wengi watakubali papo hapo, tena kwa aibu kidogo, kwa kuwa hawakuwa wamefikiri. Na kama umechelewa kwa mashine fulani, mwendee fundi wa karakana umwombe saa za ziada nje ya ratiba. Katika miaka yangu yote sijapata kumwona fundi wa karakana akimkatalia mwanafunzi anayetaka kujifunza mashine kwa dhati.

Na ninyi wavulana mnaosoma barua hii, mnapoteza nanyi. Mhandisi asiyeweza kuandika ripoti inayosomeka ataona kazi yake ikielezwa na wengine maisha yake yote.

SWALI: Bwenini kwetu kuna desa, yaani mafaili ya ripoti za maabara za miaka iliyopita, na kila mwaka hupokezwa kwa wanaofuata. Wanasema huo ndio udugu wa wanauhandisi, na asiyechangia anaonekana mchoyo. Je, ni vibaya?

JIBU: Ripoti ya zamani ukiisoma ili ujue namna ya kupanga majedwali au kueleza chanzo cha makosa ya vipimo, huo ni msaada halali, na ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aupate. Ukizichukua namba zake ukaziandika kuwa zako, umeshadanganya kuhusu kitu ambacho hukukipima, na hilo katika fani yetu lina uzito wa pekee.

Mwaka 1907 daraja la Quebec, nchini Kanada, liliporomoka mtoni likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi 75 wakapoteza maisha. Katika kubuni daraja hilo, umbali kati ya nguzo zake kuu ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani takribani mita 488 hadi 549, lakini makadirio ya uzito wa chuma yaliyofanywa kwa daraja lile fupi hayakupigwa upya kwa wakati. Namba za zamani zilibebwa tu zikaingizwa katika daraja jipya. Kosa lilipogunduliwa, sehemu kubwa ya chuma ilikuwa imeshatengenezwa na ujenzi unaendelea. Waliozibeba namba zile walikuwa wahandisi wazoefu wenye heshima zao, wala hawakukusudia kudanganya; basi fikiria mtu anayejizoeza kuzibeba kwa makusudi tangu mwaka wa pili wa chuo. Kanada tangu 1925 wahandisi wapya huvishwa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono wanaofanyia kazi, iguse karatasi kila wanapochora, ili wasisahau wajibu wao.

Kama mnataka udugu, mwache mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apime mwenyewe, kisha kaeni naye jioni mmuulize kwa nini namba zake zimetofautiana na za kitabuni. Hapo mtakuwa mmempa kitu.

SWALI: Tuko wanne katika mradi wa mwaka wa mwisho, tunatengeneza mkono wa roboti wa kupanga vitu kwenye rafu. Tuligawana kazi vizuri: mmoja viungo vya chuma, mmoja mota, mmoja programu ya kuuongoza, na mimi ripoti pamoja na majaribio. Zimebaki wiki tano. Juzi tulipojaribu kuunganisha, mhimili wa mota una kipenyo cha milimita 6 na tundu la kiungo ni milimita 8, na programu inatarajia pembe kwa nyuzi wakati kihisio kinatoa namba tofauti kabisa. Zaidi ya hayo, mwenzetu wa programu, ambaye ni rafiki yetu wa tangu mwaka wa kwanza, ameacha kuja kwenye vikao na simu hapokei. Hatutaki kumshitaki kwa msimamizi.

JIBU: Pole sana, nami nakuomba usome jibu hili pamoja na wenzako leo leo, maana wiki tano zinatosha kwa jambo hili, lakini wiki mbili hazitoshi.

Mlichokiita kugawana kazi vizuri ndicho kilichowafikisha hapa. Mligawana vipande, mkasahau kumpa mtu mipaka kati ya vipande, na vitu vingi vya uhandisi huharibikia mpakani. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichorushwa na Marekani mwezi Desemba 1998, kilipotea Septemba 1999 kilipokuwa kikiingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mirihi. Programu ya kundi moja ilitoa msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya ratili na sekunde, na kundi jingine likazipokea namba hizo kana kwamba ni nyutoni na sekunde, kipimo kinachotofautiana na kile karibu mara nne na nusu. Kila kundi lilikuwa na watu hodari, na kosa lilikuwa katika namba zilizopita kutoka mikono ya hawa kwenda mikono ya wale.

Kaeni kwa saa moja muandike ukurasa mmoja tu: kila mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine, kinapita nini, kwa kipimo gani, na nani anawajibika. Kipenyo cha mhimili, milimita 6. Pembe ya kiungo, kwa nyuzi. Volti ya mota. Mwendo wa kutuma taarifa. Wote wanne wautie saini. Kisha kila baada ya siku tatu kutaneni kwa dakika 20, kila mtu akiwa na kitu chake mkononi jinsi kilivyo, hata kama ni mbao na gundi, na mviunganishe palepale mezani. Mkono mbovu unaonyanyuka sentimita mbili leo una faida kubwa kuliko vipande vinne vizuri ambavyo havijaonana. Tundu la milimita 8 si msiba, kwani mwenzenu wa chuma anaweza kukereza kipete cha kujazia nafasi ndani ya mchana mmoja.

Sasa juu ya rafiki yenu. Kabla ya kusema ni mvivu, mtu mmoja amwendee chumbani kwake, asiende na kundi zima. Nimeshughulika na visa vingi vya aina hii, na mara nyingi anayetoweka ni mtu aliyekwama, akaona aibu kusema, na kila siku inayopita aibu inaongezeka mpaka kuonekana tu kunamwia vigumu. Ni ugonjwa uleule wa kijana wa barua ya kwanza, ila huyu ameufikisha mwaka wa nne. Mwambieni alete programu jinsi ilivyo. Mpunguzieni kipande, mmpe sehemu moja ndogo yenye tarehe, na mmoja wenu aketi naye. Kama kuna ugonjwa au msiba, mtaujua hapo.

Asipojitokeza ndani ya wiki, mwambieni msimamizi, tena mwambieni yeye rafiki yenu kwanza kwamba mnakwenda kusema. Huko si kumshitaki. Msimamizi akijua mapema anaweza kumwongezea muda, kumpeleka kwa mshauri, au kuwapunguzia ninyi kazi. Akijua siku ya kuwasilisha, hana la kufanya isipokuwa kutoa alama.

SWALI: Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko mwaka wa pili wa uhandisi umeme. Zamani alinipigia simu kila jioni. Sasa ni mara moja kwa wiki mbili, tena kwa haraka. Akija likizo analala mchana kutwa. Nikimuuliza anasema masomo ni mengi. Je, kweli masomo haya yanachukua muda wote huo, au kuna jambo ananificha?

JIBU: Mama mpendwa, yote mawili yanawezekana, na nitakupa njia ya kutofautisha. Masomo kweli ni mengi. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa saa 1,500 hadi 1,800 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia mihadhara mpaka kujisomea. Zikigawanywa kwa wiki 40 zinakaribia saa 38 hadi 45 kwa wiki, sawa na ajira kamili, na kabla ya mitihani huzidi hapo. Kuchoka kwake likizo hakunishangazi. Lakini hata ajira kamili humwachia mtu dakika tano za kumjulia hali mama yake.

Usimuulize alama. Akiulizwa alama, mtoto anayejikaza atajibu “nzuri” na mazungumzo yatafungwa. Muulize anasoma na nani. Akikutajia watu wawili watatu kwa majina, akakusimulia mmoja wao ni mcheshi au mwingine anakoroma maktabani, tulia, ana watu. Akisita, au akisema anasoma mwenyewe na hana haja ya mtu, hapo usingoje likizo. Mwendee, ukae naye siku moja, na umsindikize kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chake. Mwombe pia akueleze anachojenga sasa, hata kama hutaelewa nusu yake. Vijana wetu hupata nguvu ya ajabu wanapomweleza mzazi saketi inavyofanya kazi.

SWALI: Nimepata jibu tofauti na la mhadhiri kwenye swali alilolifanya ubaoni kuhusu boriti. Nimerudia mara nne. Wenzangu wananiambia niache, nitajiaibisha. Nifanye nini?

JIBU: Muulize. Jengo la Citicorp la New York, lenye ghorofa 59, lilikamilika mwaka 1977, nalo limesimama juu ya nguzo zilizowekwa katikati ya pande zake badala ya kwenye pembe. Mwaka 1978 swali la mwanafunzi wa uhandisi kuhusu jengo hilo lilimfanya mhandisi wake, William LeMessurier, arudie hesabu za upepo unaolipiga kwa mshazari. Akaona kwamba, kwa kuwa viungo vilikuwa vimefungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa kama ilivyokusudiwa awali, usalama wake haukutosha. Mafundi wakachomelea mabamba ya chuma kwenye viungo hivyo usiku baada ya usiku, na umma haukufahamu habari hiyo mpaka mwaka 1995. Aliyeuliza hakuwa na cheo chochote.

Andika hesabu yako kwa unadhifu kwenye ukurasa mmoja, mstari kwa mstari, na vipimo vyake. Mwonyeshe kwanza mwenzako mmoja aitafute kasoro. Kisha mpelekee mhadhiri ofisini, si mbele ya darasa, na umwambie: “Mwalimu, naomba unionyeshe nilipopotea.” Mwachie nakala, umpe siku mbili. Nami niliwahi kuachiwa karatasi ya namna hiyo na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilikuwa nimekosea alama ya kutoa katika mstari wa tatu, na darasa zima lilikuwa limeshanakili. Kipindi kilichofuata nilimwita ubaoni asahihishe kwa mkono wake, na hakuna aliyeketi mle ndani aliyemcheka.